Haijawahi Kufunguliwa

Jumatatu, 4 Machi

Mashine imeondoka. Imechukuliwa saa nne asubuhi, ikafunikwa turubai kwa sababu mvua ya kwanza ilikuwa imeshaanza kudondoka, na mimi nikabaki mlangoni nikiangalia alama nne za miguu yake sakafuni. Miaka tisa ilikaa pale ikitotolesha vifaranga. Idadi yao siijui, ila kila trei naijua tabia yake.

Daktari aliniambia nichague kuku au mapafu. Kwa hiyo tangu Januari nauza kidogo kidogo kwenye kundi la mtandaoni la vitu vilivyotumika: vyombo vya maji, mabanda, taa za joto. Wifi yangu, dada wa mume wangu, ndiye anayenipigia picha na kunifundisha lugha ya biashara. Nimeuza vitu kumi na saba na wanunuzi wote wamenipa nyota tano. Mashine niliichelewesha; baada yake yamebaki mabanda tu.

Mnunuzi ni mama wa makamo, mkavu wa maneno, ana kuku wake wa kienyeji anaowajua mmoja mmoja. Aliizunguka mashine mara tatu kama mtu anayenunua ng'ombe. Akauliza, "Kuna kitu kimebadilishwa humu?" Nikamjibu kama nilivyoandika kwenye tangazo: haijawahi kufunguliwa.

"Unaapa?"

Nikaapa. Mume wangu alikuwa pembeni, ameshika ubao wa kupandishia mashine kwenye gari. Tukaipandisha.

Nililia kidogo. Si sana.

Jumatano, 6 Machi

Mnunuzi ametuma ujumbe wa sauti wa dakika saba. Mayai tisini na sita yameingia kwenye mashine. Hilo lilichukua dakika moja. Sita zilizobaki alinieleza habari za jogoo wake. Wifi ameshampa jina: Mama Sauti.

Jumamosi, 9 Machi

Mvua. Umeme umekatika mara mbili. Nimefua, hakuna kilichokauka.

Alhamisi, 14 Machi

Mama Sauti ametuma jumbe tatu kabla sijanywa chai. Jana jioni alipima mayai yake kwa tochi, moja moja, kama inavyotakiwa. Katika tisini na sita, sabini na moja yana duara la damu. Anayejua kazi hii anajua maana yake: kifaranga alianza, akafa.

Nikamwandikia kwa upole. Nikampa pole, nikamweleza kuwa duara la damu huja joto likiyumba, na msimu huu wa mvua umeme ni wa kubahatisha. Akajibu kwamba ana betri, na umeme ukikatika betri inapokea hapohapo. Kisha akasema ameingiza kipimajoto cha homa ndani ya mashine. Kioo cha mashine kinasema thelathini na saba na nukta saba. Kipimajoto kinasema thelathini na tisa na nusu.

Nilicheka. Kipimajoto cha homa ni cha kwapani. Nikamwandikia hivyo hivyo, na sasa naona nisingeandika.

Ijumaa, 15 Machi

Jumbe tano. Wa mwisho hauna neno hata moja, ni mlio wa mashine tu.

Wifi anasema nisijibu. "Mtu wa namna hii ukimjibu unampa mdomo. Mbloku, basi." Sijambloku. Nimeandika: *Mashine ilitoka kwangu ikiwa nzima. Uliikagua mwenyewe.*

Jumatatu, 18 Machi

Amenipa nyota moja. Ameandika mbele ya watu elfu nne wa kundi: "Huyu mama anaapa uongo. Mayai yangu yameiva kama ya kuchemsha."

Watu wasionijua wameandika chini yake kwamba walinishuku tangu zamani. Mmoja anasema nilimuuzia jiko bovu. Sijawahi kuuza jiko.

Jumanne, 19 Machi

Waliokuwa waje kuchukua banda hawakuja, na simu hawapokei.

Mume wangu anakula kimya. Nimemwambia asijali, yatapita. Yeye ni mtu wa amani. Kelele za watu humkosesha usingizi kuliko mimi.

Ijumaa, 22 Machi

Amekuja.

Nilikuwa napepeta mchele barazani, mvua inanyesha ya kuchosha. Akaingia getini na mwavuli mkono mmoja, ndoo mkono mwingine. Nikasema, "Karibu ndani, mama."

"Sikuja kukaa."

Akafunga mwavuli. Akatoa gazeti kwapani, akalitandaza kwenye baraza langu, akapiga magoti, akafunua ndoo. Mayai. Akachukua la kwanza, akaligonga ukingoni mwa ndoo, akalifungulia juu ya gazeti.

"Huyu siku ya tano," akasema. Akachukua jingine. "Huyu wa sita. Huyu naye wa sita. Huyu alijitahidi, alifika siku ya nane."

Hakupandisha sauti. Hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Angepiga kelele ningempigia kelele. Alikuwa anayavunja taratibu, anawataja kwa siku zao kama mtu anayeita majina darasani, na harufu ikawa inapanda. Jirani wa ng'ambo aliacha kufagia maji, akasimama na fagio lake. Kifua kikaanza kunibana.

Mimi nimefanya kazi hii miaka tisa. Niliwaona wale vifaranga. Wekundu uliowiva, mishipa iliyovimba. Baridi ya umeme kukatika haifanyi hivyo. Kinachofanya hivyo ni joto lililozidi, siku baada ya siku. Macho yangu yaliliona hilo na kichwa changu kikakataa kulipokea.

Mume wangu akatokea mlangoni. Akaangalia gazeti. Akarudi ndani. Nikajua ananionea aibu kwa kudhalilishwa mbele ya majirani, nikazidi kupata hasira.

"Mama," nikasema, "mimi sikukuuzia umeme."

Akanitazama. "Uliniuzia kiapo."

Akamaliza mayai yote aliyokuja nayo. Kisha akakunja gazeti na kila kilichokuwamo, akalishindilia ndooni, akafuta tone lililoanguka sakafuni kwa kona ya kanga yake, akafungua mwavuli, akaondoka. Baraza aliniachia safi.

Nilikaa na dawa yangu ya kuvuta mpaka saa nane.

Jumapili, 24 Machi

Msimamizi wa kundi ameingilia. Hakuna aliyewahi kumwona. Anaandika kwa vipengele kama mtu wa ofisini. Kila upande ulete ushahidi kabla ya Jumapili ijayo. Atakayeshindwa anatolewa.

Wifi amekuja na daftari. Anasema hii ni vita na tutashinda.

Jumatano, 27 Machi

Nimeandika utetezi kurasa nne. Wifi amenipunguzia zimebaki mbili. Mvua.

Ijumaa, 29 Machi

Msimamizi ameniandikia faragha: maelezo yangu yana mpangilio, ya mwenzangu ni sauti tupu. Anaomba picha zinazoonyesha mashine haikuguswa, ndipo afunge jambo. Nimelala vizuri mara ya kwanza baada ya wiki mbili.

Jumamosi, 30 Machi

Nitaandika kama ilivyotokea.

Asubuhi nilikaa kutafuta picha. Nyuma ya mashine pana kifuniko chenye skrubu nne, na kiwandani walizipaka rangi ya buluu ili anayefungua ajulikane. Nilikuwa na picha ya miaka miwili nyuma, skrubu nne za buluu. Nikafungua picha alizopiga wifi Februari kwa ajili ya tangazo. Nikaivuta karibu ile ya nyuma ili nione vizuri, nifurahi.

Tatu za buluu iliyochubuka. Ya nne inang'aa.

Niliivuta tena. Nikafuta kioo cha simu kwa kanga. Ikaendelea kung'aa.

Mume wangu ni fundi wa redio. Chumba chake cha kazi kiko nyuma, mlango wa kuinama. Nilimkuta analehemu waya, moshi mwembamba unapanda. Nikasimama mlangoni.

"Skrubu ya nyuma ya mashine ni mpya," nikasema.

Hakuuliza skrubu gani. Hapo ndipo nilipojua.

Akachomoa kifaa chake cha kulehemu ukutani, akakiweka juu ya kigae, akangoja kipoe, kana kwamba hicho ndicho kilikuwa cha haraka.

"Nilitaka kukusafishia ndani, kabla hamjaipiga picha," akasema. "Nikagusanisha waya mbili. Kile kidude cha kuamua joto kikaungua. Nikaenda kutafuta kingine."

"Cha mashine ya vifaranga?"

"Cha kufanana."

"Ulikipima?"

"Siku moja. Kilikuwa kinakubali."

Siku moja. Yai linakaa humo ishirini na moja.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kila ukiingia kile chumba ulikuwa unatoka macho mekundu. Nikaona nikikuambia na mashine nimeiunguza, basi…"

"Niliapa mbele yako. Ulikuwa umeshika ubao."

"Nilisikia."

"Ungekohoa hata mara moja."

Akainamisha kichwa. Akasema siku ile aliona atanivunjia heshima mbele ya mnunuzi. Akaona angoje jioni. Jioni nikawa nalia. Kesho yake ikawa vigumu kidogo kuliko jana yake, na keshokutwa vilevile, mpaka yule mama alipokuja na ndoo, na baada ya ndoo mdomo ukawa mzito kabisa.

Mume huyu nimeishi naye miaka kumi na tisa. Nimekuwa nikimsifu kwa watu kwamba hana maneno mengi.

Nimerudi ndani. Picha sijatuma.

Jumapili, 31 Machi

Sikutuma picha, na msimamizi hakuzingoja. Ameamua asubuhi: mnunuzi ameshindwa kuthibitisha madai, maneno yake yanafutwa, na ameondolewa kundini kwa kuchafua jina la muuzaji mwaminifu. Pongezi zikamiminika. Wifi alipiga simu anacheka peke yake.

Msimamizi akauliza kama nina la kuongeza.

Niliandika, "Asante." Kwa mkono wangu mwenyewe.

Jumatatu, 1 Aprili

Sijasema.

Jumanne, 2 Aprili

Banda la mwisho limenunuliwa. Nyota tano. Mvua ya mawe mchana.

Jumatano, 3 Aprili

Sijasema. Mimi na mume wangu tunapishana jikoni kama wapangaji wa nyumba moja.

Mama Sauti hatumi tena ujumbe. Nimejikuta nachungulia simu.

Alhamisi, 4 Aprili

Wifi amekuja na kunikuta nimenuna. "Umeshinda, wifi. Mbona kama umefiwa?"

Nikamwambia yote. Alimkasirikia kaka yake kwa muda wa kunywa maji glasi moja. Kisha akasema, "Sasa nani mwingine anajua?"

"Sisi watatu."

"Basi hakuna anayejua."

Nilimtazama nikataka kumchukia. Lakini swali lake ni lile lile ninalojiuliza tangu Jumapili, tofauti ni kwamba yeye analisema kwa sauti.

Ijumaa, 5 Aprili

Nimepiga moyo konde, nimekwenda.

Nilibeba kipimajoto changu cha zamani na barakoa. Njia ilikuwa tope tupu. Viatu nilivivua mara mbili. Anakaa nyumba ya matofali yasiyopigwa lipu, uani pasafi, kuku wamejibanza chini ya bati. Alikuwa ameinama kwenye karai anasugua trei. Aliponiona hakusimama.

"Shikamoo haitakusaidia," akasema, kabla sijafungua mdomo.

Nikasema nimekuja kupima joto la mashine. Akaninyooshea kidole mlango ulipo. Nikavaa barakoa, nikaingia. Mashine ilikuwa imewekwa vizuri kuliko nilivyoiweka mimi, mbali na dirisha, miguu yote imesawazishwa kwa vigae. Nikaiwasha, nikaweka kipimajoto katikati ya trei, nikangoja nusu saa nimesimama. Yeye akasimama nyuma yangu, mikono inadondosha maji ya sabuni.

Kioo kikasema thelathini na saba na nukta saba. Kipimajoto changu kikasema thelathini na tisa na nukta sita.

Tukatoka nje. Nikavua barakoa ili anione ninapozungumza.

"Ilifunguliwa," nikasema. "Mume wangu aliunguza kidhibiti joto akaweka kingine kisichofaa. Nilipoapa sikuwa najua."

"Ulijua lini?"

"Jumamosi."

Akahesabu kimoyomoyo, midomo inacheza. "Walinifukuza Jumapili."

"Ndiyo."

"Na leo ni Ijumaa."

"Ndiyo."

Alirudi kwenye karai. Akasugua trei nzima, akaigeuza, akasugua upande wa pili. Mimi nilisimama pale nimeloa mpaka magotini. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi njia nzima, na majibu yake nilikuwa nayo.

"Nitakurudishia ulichonipa," nikasema. "Mashine nitakuja kuichukua."

"Nani kakuambia nataka kurudishiwa? Mimi nilitaka mashine uliyoitangaza, nayo ndiyo ninayoitaka hadi leo. Uilete hiyo. Na uandike kule kule nilikoitwa mwongo, watu wale wale wasome."

"Nitaandika."

"Lini?"

"Kesho."

"Leo umechoka?"

Nimeandika leo. Simu ilikuwa na chaji kidogo, nikaandikia uani kwake, nimesimama chini ya bati na kuku. Nilimsomea kabla ya kutuma. Akanirudisha mahali nilipoandika "kwa bahati mbaya". Nikafuta.

Jumamosi, 6 Aprili

Maoni mia mbili na kitu. Wengine wananisifu, jambo ambalo ni gumu kulisoma. Wengine wananiita tapeli aliyeshikwa. Msimamizi amemrudisha Mama Sauti, na mimi ameniondolea alama ya muuzaji mwaminifu, akitoa sababu kwa vipengele vinne. Wifi hapokei simu yangu.

Jumatatu, 8 Aprili

Mume wangu amezunguka siku mbili mpaka akapata kidhibiti chenyewe, cha mashine ya aina ile. Leo tumekwenda wote.

Mama Sauti alimkagua kuanzia viatu. "Wewe ndiye uliyekuwa umeshika ubao?"

"Ndiye mimi, mama."

"Na masikio ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

"Haya. Fungua, nione."

Alimshikia tochi muda wote, kila waya akauliza unakwenda wapi, na mume wangu, mtu asiyekuwa na maneno, akajibu kila swali. Jasho lilimtoka na nje ni baridi. Alipofunga, mama akaleta chupa ya rangi ya kucha ya buluu, akapaka skrubu zote nne mwenyewe.

Njiani mume wangu alisema, "Nisamehe." Nikamwambia bado. Akasema sawa. Tumetembea pamoja lakini.

Jumanne, 9 Aprili

Ameweka mayai arobaini tu. "Kwa zaidi ya hayo sikuamini."

Jumatano, 17 Aprili

Amepima kwa tochi. Thelathini na manne yana uhai. Ujumbe wake ulikuwa wa sekunde tisa.

Jumapili, 21 Aprili

Umeme umekatika tangu alfajiri, saa sita nzima. Nilimpigia kumuuliza hali ya betri. "Najua kazi yangu," akasema, akakata. Baada ya dakika kumi akapiga yeye: betri imebaki nusu, anafanyaje? Nikamwambia afunike mashine kwa blanketi, aache matundu ya hewa wazi, asifungue mlango hata kwa sekunde. Mume wangu akabeba betri yake ya kazini begani, akaenda kwa miguu kwenye mvua. Amerudi saa kumi jioni.

Nimempikia uji. Nimekaa naye mpaka akaumaliza.

Jumamosi, 27 Aprili

Mayai hayageuzwi tena. Kuanzia sasa ni kungoja tu. Sina hamu ya kula.

Jumanne, 30 Aprili

Siku ya ishirini na moja.

Nilifika saa tatu. Nilipotaka kuingia, Mama Sauti akanizuia mlangoni. "Mle ndani manyoya yanapepea kama moshi. Ukae nje, sitaki unifie mikononi." Akanipeleka upande wa dirisha, akaniwekea kigoda.

Saa nne hakuna kitu. Saa tano hakuna kitu. Nikaanza kuwaza siku nyingine ya ndoo. Saa sita kasorobo akagonga kioo kwa ndani. Alikuwa ameinua trei hadi usawa wa macho yangu. Yai moja limetobolewa, ncha ya mdomo inafanya kazi. Jingine limepasuka mzunguko mzima, na ndani yake kitu kilicholowa kinajisukuma, kinapumzika, kinajisukuma.

Kioo kilijaa mvuke wangu. Nikakifuta kwa kiganja.

Mpaka naondoka walikuwa kumi na wanane, na wengine wanagonga. Hakuniambia asante, wala mimi sikuingoja. Alinisindikiza mpaka getini, jambo ambalo halikuwa la lazima.

Alhamisi, 2 Mei

Jumla ni thelathini na mmoja.

Amebadilisha nyota yake. Sasa ni tatu. Ameandika: "Mashine inafanya kazi. Muuzaji alichelewa kusema ukweli."

Wifi, aliyekuwa amenuna karibu mwezi, amekuja mbio. Anasema tuandikie msimamizi, maana mtu aliyetengenezewa mashine bure na kubebewa betri hawezi kutoa tatu. Nimemwambia aiache kama ilivyo. Akaniangalia kama mtu asiyenifahamu, kisha akaomba chai, akakaa.

Mume wangu alipoingia alisoma yale maneno mara mbili. Akauliza kwa nini tatu, si nne.

Nikamwambia, "Moja niliipoteza mimi. Nyingine ni yako."

Akafikiri. Akaitikia kwa kichwa, akavuta kiti, akakaa pamoja nasi.